Boriti ya Tatu

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Kitabu cha kampuni kina safu ya saa na safu ya dizeli, basi. Mambo mengine hayana pa kuandikwa. Kwa hiyo nimenunua daftari hili hapa Ekalakala, na kalamu mbili, maana moja lazima ipotee.

Mimi ni Zaki Omar, dereva wa kreni, mzaliwa wa Machakos mjini, nyuma ya msikiti. Kampuni imetuleta mto Kyaani. Daraja la zamani lilichukuliwa na mafuriko mwezi uliopita, na watu wa ng'ambo hawana njia ya kuja sokoni wala zahanati. Kazi yetu ni kulaza boriti tatu za chuma, kila moja mita kumi na mbili, tani nne na ushee. Boriti tatu, mbao juu, watu wapite. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya wiki moja. Mvua haijasikia.

Niko na Maundu, mpiga ishara wangu. Huu ni mwaka wa tisa tunafanya kazi pamoja. Mimi ndani ya kibanda cha kreni naona ndoano na mbingu tu. Yeye husimama chini anapoona mzigo wote, na mikono yake ndiyo macho yangu. Mkono wa kulia huvaa glavu nyekundu ili nimwone hata kwenye mvua. Tuna mapatano mawili. La kwanza, mmoja wetu akisema hapana, mzigo haupandi, na haulizwi kwa nini. La pili, kuna neno hatulitumii kazini: "tujaribu". Kreni haijaribiwi. Mzigo unapanda ama haupandi.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua. Hatukugusa kitu.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo tumesimamisha kreni. Watu hudhani nguvu yake iko kwenye ule mkono mrefu. Nguvu iko miguuni. Ina miguu minne ya chuma inayotoka ubavuni, na chini ya kila mguu tunalaza mataruma mawili, yale magogo ya reli, ili uzito usambae na mguu usizame. Mataruma manane. Nimeyahesabu, Maundu ameyahesabu. Justus, foromani wetu, ametucheka eti tunahesabu mbao kama bibi anayehesabu kuku wake jioni. Acheke. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Chati ya uzito nimeibandika kiooni. Mkono ukiwa mfupi nabeba tani ishirini. Ukinyooshwa mpaka pale boriti ya tatu itakapolala, nabeba tano, bila nyongeza. Boriti ni nne na ushee. Hiyo tofauti ndogo ndiyo uhai wa watu, na iko juu ya mataruma.

Nimeswali juu ya katoni karibu na gurudumu. Maundu amenishikia mwavuli bila kuombwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Leo nimegombana na kijiji kizima.

Lori lilileta boriti ya kwanza. Kabla sijainua hata shubiri moja, nikaona watu wanatoka vichakani, wanawake wengi na wanaume wachache, watu ishirini na watatu, na majembe na kamba zao. Wakaikimbilia boriti ikiwa tayari kwenye mnyororo, wakaanza kuisukuma kwa mikono. Chini ya ndoano kabisa! Nilipiga honi mpaka masikio yangu yakauma, nikashuka nikipiga kelele.

"Tokeni hapo chini! Mnataka kufa?"

Mama mmoja mrefu akanijia taratibu, akifuta matope usoni. Anaitwa Kalunde, mwenyekiti wa mwethya wa hapa, kikundi cha kazi za pamoja. Kikundi chao kimechimba matuta ya vilima hivi vyote, kimejenga shule na zahanati, bila mashine.

"Kijana, hii ni daraja yetu," akasema. "Unataka tusimame kando, mikono mfukoni, kama wageni wa harusi?"

"Ndiyo, mama. Wageni wa harusi hawafi."

Halikumchekesha. Wakaondoka mmoja mmoja. Jioni nilipokwenda kununua maziwa niliambiwa, "Maziwa imeisha." Na ng'ombe analia pale pale nyuma ya nyumba.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Maziwa bado "imeisha".

Alhamisi, 13 Novemba

Maundu ni mtu wa Kathiani, anawajua watu wake. Alinikalisha juu ya gurudumu la akiba akaniambia hivi:

"Zaki, hujui hawa. Kwa mwethya mtu akisimama kando anatazama, anatozwa mbuzi, na jina lake linaimbwa mpaka mjukuu wake aone haya. Usiwaambie wakae kando. Wape kitu cha kushika wakiwa huko kando."

Nikamwambia huo ndio upuuzi wa kwanza wenye akili nimeusikia mwaka huu.

Basi tukafanya hivyo. Boriti ikiwa hewani huhitaji kamba ndefu ya kuiongoza isizunguke. Watu wawili wanatosha kuishika. Tumefunga kamba ya mita thelathini, washike wote ishirini na watatu, mbali na mzigo. Maundu akawaeleza kwa Kikamba: mkisikia honi ndefu, achieni kamba, rudini nyuma, msiulize. Wakacheka sana.

"Tuachie?" Kalunde akasema. "Ai! Sisi hatujawahi kuachia kitu."

Tukacheka nao. Jioni maziwa yalikuwapo, tena moto.

Alhamisi, 20 Novemba

Boriti ya kwanza imelala! Asubuhi jua lilitoka kama limetumwa. Mataruma manane, nilihesabu. Maundu alisimama juu ya jiwe lake, glavu nyekundu juu, nami nikainua. Kamba ikakazana, wale mama wakaanza kuimba, mmoja anatanguliza na wengine wanaitikia, na boriti ikaenda hewani polepole mpaka kwenye nguzo ya ng'ambo. Kisilu, mfunga minyororo wetu, alikuwa ng'ambo kuipokea. Alipoinua mikono kuonyesha imekaa, watu walipiga vigelegele pande zote mbili za mto. Mimi mtu mzima wa miaka arobaini na mbili nimelia kwenye kibanda. Bahati nzuri hakuna aliyeona.

Kalunde alinijia. "Kumbe wewe ni mtu ya mwethya," akasema. Nimejisikia vizuri, siwezi kudanganya.

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua. Kisilu amekwama ng'ambo. Anatupigia mluzi asubuhi kutuambia yuko hai.

Jumatano, 26 Novemba

Mutanu, mke wa mwana wa Kalunde, amekufa maji. Alikuwa ng'ambo kwa wazazi wake, mimba ya miezi minane, akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Walijaribu kumvusha kwa kamba chini kule penye mawe ili afike zahanati. Kamba haikukatika. Maji tu yalimzidi nguvu. Wamempata kilomita tatu chini, kwenye mizizi ya mkuyu.

Kalunde alikuja kazini mchana huo huo, akasimama kando ya kreni. Nilishuka nikasimama naye. Mvua ikatunyeshea sote wawili.

Alhamisi, 4 Desemba

Boriti ya pili imelala. Hakuna aliyeimba, ila kamba waliishika vizuri kuliko mara ya kwanza.

Wengine walitaka tuweke mbao juu ya hizo mbili ili watu wapite. Injinia amekataa kwa redio kutoka Machakos. Zote tatu lazima zifungwe pamoja, la sivyo maji yatazilaza ubavu. Ana haki, lakini kumwambia hivyo mtu aliyezika juzi ni kazi ngumu.

Jumanne, 9 Desemba

Mvua, mvua, mvua. Upande wa kulia wa kreni ardhi imekuwa uji. Tumeongeza kokoto. Maundu amechomeka kijiti kuona kama mguu unazama. Leo haujazama.

Jumatatu, 15 Desemba

Justus amekuja na habari zake. Kura ni tarehe ishirini na tisa, na mheshimiwa mmoja anayeomba kura huku anataka kufungua daraja tarehe ishirini na tatu. Kutakuwa na hema, soda, na jukwaa.

"Boriti ya tatu ikae kabla ya hapo," Justus akasema.

"Ardhi ikikubali," Maundu akasema.

"Ardhi haina kura, mzee."

Nilimwambia mzigo pia hauna kura, na ukianguka hauulizi chama. Akaondoka amenuna. Justus si mtu mbaya, ninaandika hivi nikijua. Ni mtu anayeogopa simu ya ofisini kuliko kitu kingine chochote.

Alhamisi, 18 Desemba

Mvua.

Jumapili, 21 Desemba

Nimetoka nyumbani Machakos leo. Mke wangu Asmaa amenipa tende za kuanzia Ramadhani, eti nikae nazo nisizile. Nimekula tatu njiani.

Jumatatu, 22 Desemba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, kwa mpangilio, maana najua nitaulizwa, na najua nitatamani kuyageuza.

Saa moja asubuhi nilizunguka kreni. Mataruma yalikuwa sita. Mguu wa kulia wa mbele, ule ulio karibu na mto, ule unaobeba uzito wote mkono ukinyooshwa mbali, ulikuwa umewekwa chini kwenye kokoto tupu. Nikamwita Maundu. Tukayatafuta. Tukayakuta mita mia mbili juu barabarani, chini ya jukwaa la mheshimiwa, yamepigiliwa misumari, yamefunikwa zulia.

Justus alikuwa pale na fundi wake. "Ni mawili tu," akasema. "Jukwaa lilikuwa linayumba."

Nilimtukana. Sitaandika nilivyomtukana, mwanangu Nuha anaweza kulisoma daftari hili. Nikamwambia mzigo haupandi. Maundu akasema, "Haupandi." Ikawa imekwisha, kwa mapatano yetu ya miaka tisa. Tukaketi tukachemsha chai.

Justus hakubishana, ila kuyang'oa alikataa. Akaenda kwa mwethya, waliokuwa wameshafika na kamba yao, akawaambia Zaki amekataa kazi, kwa hiyo hakuna daraja mpaka mwaka ujao. Hakuwaambia habari ya mataruma.

Wakaja. Laiti wangekuja na kelele, ningewafukuza. Walikuja wakakaa chini mbele ya kreni, kwenye matope, kimya. Kalunde akasema, "Mwanangu, wewe ni mtu ya mwethya. Huu mto umekula mtoto wangu na mjukuu wangu. Sema tunakosa nini, tulete."

Nikamweleza. Mbao mbili nzito za kuweka chini ya mguu.

"Mbao hatuna," akasema. "Lakini mawe tuko nayo."

Na kabla sijajibu walikuwa wameondoka. Mola wangu, wale watu wanavyofanya kazi! Wakapangana mstari kutoka mtoni, jiwe linapita mkono kwa mkono, mawe bapa, mazuri, na chini ya nusu saa walikuwa wamejenga kitako chini ya ule mguu, kimenyooka kama ukingo wa tuta. Walikipanga kwa ustadi. Mimi nilisimama nikitazama nikijua kwamba jiwe si taruma. Taruma ni kipande kimoja, linabeba pamoja. Mawe ni mengi, kila moja linaweza kwenda njia yake, na chini yake kulikuwa na uji.

Maundu aliinama akayagusa. Akanitazama. Hakusema ndiyo na hakusema hapana. Alikuwa mtu wa kwao, wamekaa mbele yake, nadhani neno lilimshinda, akaniachia mimi niliye mgeni niliseme.

Na mimi sikutaka kuwa mgeni. Huo ndio ukweli. Nilikuwa nimeonja kuitwa mtu wa mwethya na sikutaka kurudi kwenye "maziwa imeisha".

Nikasema, "Tujaribu."

Maundu alivaa glavu yake. Saa nne na robo niliinua. Boriti ikatoka chini vizuri. Nikageuza mkono kuelekea mto, nikaanza kuunyoosha. Watu walikuwa wameshika kamba, upande wa juu wa mto, mbali kama kawaida. Walikuwa wanaimba, mara ya kwanza tangu Mutanu. Nilikuwa nimebakiza mita mbili nilipohisi kiti kinainama kulia, kidogo tu. Kisha mawe yakatoa sauti.

Mguu ulizama nusu mita kwa mara moja. Mkono wa kreni ukalala upande, na boriti ikachopoka kuelekea mto na kamba nyuma yake. Nikaikalia honi. Niliibonyeza kwa ngumi, sikuinua ngumi.

Hawakuachia.

Niliwaona wote ishirini na watatu wanavutwa kwenye matope kuelekea ukingoni, visigino vimechimba, wamekaza. Walikuwa wanaivuta boriti wairudishe. Mama mmoja alianguka, akaburutwa na tumbo, na mikono yake bado iko kwenye kamba. Honi inalia na hakuna mkono hata mmoja uliofunguka.

Maundu aliruka kutoka kwenye jiwe lake. Alikimbia kando ya kamba anawapiga mikono kwa ngumi, mmoja baada ya mwingine, anapiga kelele, "Ekai! Ekai! Achieni!" Akawabandua. Walianguka kando mmoja mmoja. Alipomfikia Kalunde, aliyekuwa wa mbele kabisa, karibu na ukingo, ilibidi amng'ate. Kalunde akaachia.

Boriti ilikuwa imefika mwisho wa bembea yake. Ikarudi. Wote walikuwa wamelala matopeni, ikawapita juu. Maundu alikuwa amesimama.

Kreni haikuanguka. Ilikaa pale imeinama, boriti imechoma kichwa ukingoni. Nilishuka. Glavu ilikuwa bado mkononi mwake. Niliita jina lake mpaka Kalunde akaniziba mdomo kwa mkono wake, na mkono ulikuwa unatoka damu pale alipong'atwa.

Jumatano, 24 Desemba

Mvua.

Jumamosi, 27 Desemba

Tumemzika Maundu nyumbani kwake Kathiani. Padri alisoma, nami nilisimama nyuma na kofia yangu, nikamwombea ninavyojua. Ni shamba zuri, matuta yamepangwa, maharagwe yameoza kwa maji.

Mwethya wa Kyaani walitembea, wakapanda magari, wakafika wote. Kalunde alinifuata kwenye ua wa miparachichi.

"Tulisikia honi," akasema. "Usifikiri hatukusikia. Zaki, nimeanza mwethya nikiwa na miaka kumi na mbili. Tukivuta gogo mlimani, mwenye kuachia kwanza ndiye anamuua mwenzake wa chini. Hiyo ndiyo tulifundishwa, kabla ya kusoma. Kichwa kilisema achia. Mikono ikakataa."

Tuliwaambia siku moja, wakacheka, tukacheka nao. Wiki sita tulikuwa nazo, na hatukuwazoesha hata mara moja. Mimi ndiye mwenye honi. Ilikuwa juu yangu.

Ndanu, mke wake, alinisalimu kwa mkono na kunishukuru kwa kuja. Nilishindwa kumtazama.

Jumatatu, 29 Desemba

Watu wamepiga kura. Wa ng'ambo, maji yamewazuia. Jukwaa bado liko pale, halikutumika.

Jumatano, 31 Desemba

Mwezi umeonekana. Nimeanza kufunga.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Justus ameniletea ripoti nitie sahihi. Ukurasa mmoja, umepigwa taipu. Unasema: "Marehemu aliingia katika njia ya mzigo kinyume cha kanuni, kwa uzembe wake mwenyewe." Hakuna mataruma. Hakuna jukwaa. Hakuna mimi.

"Hii inatusaidia wote," akasema. "Yeye haimuumizi tena."

Nilimwambia miwani yangu iko Machakos. Miwani ilikuwa mfukoni. Hivyo ndivyo nilivyo mwoga, na saumu yangu nimeifunga.

Jumatatu, 5 Januari

Nimekwenda Kathiani peke yangu. Ndanu alikuwa anapembua maharagwe yaliyopona. Akanivutia kigoda.

"Shemeji, nataka kukuuliza kitu moja," akasema. "Watu wa kampuni wamesema aliingia mwenyewe. Maundu? Huyo mtu hapa nyumbani alikuwa hapiti chini ya ngazi. Asubuhi hiyo alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Nani alisema?"

Nilijua njia zote za kuzunguka hilo swali. Nilikuwa nimezipanga njiani kote. Nikasema, "Mimi. Mataruma yalikuwa yamechukuliwa, nilijua, nikasema tujaribu."

Mikono yake ilisimama. Alikaa hivyo mpaka kuku mmoja akaja akala kwenye ungo na hakumfukuza.

"Alikuwa ananiambia," akasema, "kazini kuna watu wa kila aina, lakini Zaki hana hilo neno. Kwa hivyo nilikuwa nalala."

Kweli nilitamani anipige. Akaendelea kupembua.

"Na wale mama, alikuwa anawatoa?"

"Wote. Mmoja mmoja."

"Basi nenda uandike hivyo pale wameandika jina lake. Ukishaandika, sijui kama nitakusamehe. Lakini andika."

Nilipofika langoni aliniita. Aliingia ndani akatoka na ile glavu nyekundu, imefuliwa. "Mpatie mwenye atasimama pale," akasema.

Jumatano, 7 Januari

Nimeandika kurasa nne kwa mkono wangu, nikampa afisa wa kazi mjini Machakos. Mataruma, jukwaa, mawe, neno langu, honi. Alisoma akiwa amesimama. Akaniuliza kama nimeelewa kwamba leseni yangu inaweza kwenda, na zaidi ya leseni. Nikamwambia nimeelewa. Kesi itasikizwa Machi. Mpaka wakati huo naweza kufanya kazi akiwepo injinia, na si vinginevyo.

Asmaa hakulia. Alisema, "Alhamdulillahi, leo utalala." Sikulala.

Jumatatu, 12 Januari

Justus amehamishiwa kituo kingine. Hatukuagana. Mataruma mawili yamerudi, yana matundu ya misumari.

Jumatatu, 19 Januari

Kreni imekaguliwa, ardhi imechimbwa na kujazwa mawe na zege. Injinia amekuja mwenyewe. Kisilu, aliyerudi kutoka ng'ambo maji yalipopungua, ndiye atakayepiga ishara. Nilipompa glavu aliishika muda mrefu kabla ya kuivaa.

Niliwaita mwethya. Nilidhani hawatakuja, wakaja wote ishirini na watatu. Nikawaambia boriti haitapanda mpaka watu wajue kuachia. Tulifunga kamba kwenye gurudumu la lori, lori likaivuta polepole, na wao wakavuta. Nikapiga honi. Walioachia walikuwa wanne. Wengine walibaki wameshika, wananitazama kama watu waliofumaniwa.

Jumanne, 20 Januari

Walioachia, saba.

Alhamisi, 22 Januari

Kumi na watano. Mmoja aliachia kabla ya honi, wakaanza kumcheka kwa desturi yao. Kalunde akawanyamazisha kwa ukali. Lakini yeye mwenyewe hajaachia hata mara moja. Leo baada ya wengine kuondoka alibaki ameshika kamba iliyolegea, analia, anaitazama mikono yake. Alama za meno bado zinaonekana.

"Haifunguki, Zaki," akasema. "Mimi naiambia."

Nikamwambia akae nje siku ya kuinua. Alinitazama kama nimemtukana mama yake.

Jumatatu, 26 Januari

Ishirini na wawili.

Ijumaa, 30 Januari

Idi. Nimekula kwangu, nikapeleka sahani ya pilau Kathiani. Ndanu aliipokea, akanirudishia sahani na maparachichi mawili.

Jumanne, 3 Februari

Mawingu, lakini hakuna mvua. Mataruma manane. Nimehesabu, Kisilu amehesabu, injinia amehesabu. Hakuna aliyecheka.

Saa tatu niliinua. Kisilu alisimama kwenye jiwe la Maundu, glavu juu. Boriti ilitoka chini, ikageuka, ikaanza kwenda juu ya maji. Hawakuimba. Nilinyoosha mkono, nikatazama chati, nikanyoosha tena. Zilipobaki mita mbili, pale pale, upepo ulitoka bondeni ukaipiga boriti ubavuni, ikaanza kuzunguka na kamba ikakazana. Haikuwa hatari kubwa. Ningeweza kungoja. Kisilu alifunga ngumi, simama, nami nikasimamisha kila kitu, nikapiga honi.

Kamba ilianguka matopeni yote. Wakarudi nyuma hatua kumi, wakasimama kando, mikono mitupu, wakitazama boriti ikijizungusha peke yake juu ya maji mpaka ikatulia. Hakukuwa na mtu yeyote karibu nayo. Kisha wakairudia kamba, tukailaza mahali pake. Kisilu akainua mikono miwili.

Mimi nilikuwa natazama mbele ya kamba wakati wa honi, nilitazama hapo tu. Wa kwanza kuachia alikuwa Kalunde.